Bustani haihami, wazee huondoka

Mwaka wa 2019 mpwa wangu alifunga ndoa katika hoteli moja ya kifahari jijini Nairobi. Mama yangu mzazi, nyanya yake bibi harusi, aliamka alfajiri huko Murang'a, akajitanda leso mpya na kusafiri hadi jijini ili ashuhudie. Viapo vilipokwisha, maarusi walichukuliwa na mpiga picha wakaenda bustanini. Sisi waalikwa tuliketi hemani kwa muda wa saa tatu, kwani ilisemekana kwamba chakula hakiwezi kupakuliwa kabla hawajarejea.

Miezi minane baadaye mama aliaga dunia. Tulipotafuta picha yake ya tangazo la mazishi, tuliifungua albamu ya harusi hiyo. Zilikuwemo picha zaidi ya 400: shela juu ya nyasi, pete juu ya waridi, maarusi kando ya chemchemi. Ya mama haikuwemo, ila mkono wake tu, pembeni mwa picha ya keki.

Siwalaumu wapiga picha kwa kupenda mandhari mazuri. Hiyo ndiyo riziki yao. Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907, na uwanja wa makumbusho ya Karen Blixen ni mahali panapompendeza yeyote mwenye macho. Ninachokikosoa ni desturi ya kuufanya ukumbi kuwa ndio harusi, na waalikwa kuwa pambo la ukumbi.

Zamani mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha 36 tu. Mpiga picha alilazimika kuchagua, na aghalabu alianza na wazazi wa pande zote mbili. Kamera za siku hizi hazina kikomo hicho, na asiyelazimika kuchagua husahau kwa urahisi.

Kuna watakaosema kuwa maarusi ndio wanaolipa, hivyo wana haki ya kuamua. Ni kweli. Hata hivyo, Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inataka mashahidi wawili. Haitaji picha hata moja. Waama, ndoa hukamilika mbele ya watu, na watu hao hutoka mbali, wakiacha mashamba na biashara zao.

Kwa hivyo nawasihi wanaojiandaa kuoana: mnapompa mpiga picha arubuni yake, mpeni pia orodha ya wazee ambao sharti wapigwe picha kabla ya jambo jingine lolote. Picha za bustanini zitengewe nusu saa, au zipigwe siku nyingine kabisa. Nao wageni wapakuliwe chakula wakati huo.

Chemchemi ile ya hotelini ingali inatiririka. Nilipita hapo juzi nikaiona. Ningefurahi zaidi kama ningekuwa na picha moja ya mama yangu akiwa na leso yake mpya.