Ndoo ya Jirani Si Idara ya Zimamoto

Moto uzukapo Miritini, wa kwanza kufika ni jirani mwenye ndoo na mchanga. Nayo malori ya mafuta yatupitia mlangoni, barabara kuu ya Nairobi! Hatujasahau Sachangwan, Januari 2009, ambako lori la mafuta lilipowaka waliangamia watu zaidi ya mia moja.

Kazi ya zimamoto ilikuwa ya manispaa. Katiba ya 2010 ikaikabidhi kaunti. Kujitolea hatukukatai, ndio ujirani wenyewe. Lakini kijana aingiaye motoni kwa kandambili, bila mafunzo wala bima, akiungua atatibiwa na nani? Na harambee ya kanisani? Twadai vijana hao waandikwe, wafunzwe, walipwe. Ajaye kuomba kura aulizwe kwanza: zamu ya usiku ina wazima moto wangapi?