Kiwanja cha korongoni: nani alikitia muhuri?

Mnajua mambo yanavyokwenda. Mvua kubwa inanyesha usiku, udongo unaporomoka, watu wanazikwa. Kesho yake wakubwa wa mji wanafika kwa magari, wanatazama, wanasikitika, kisha wanatangaza: «Nyumba zote zilizojengwa pasipo ruhusa zitabomolewa!» Juma linalofuata mtu anapita na rangi nyekundu, anachora msalaba kwenye kuta za wajane na wachuuzi. Nyumba ya ghorofa iliyoziba mtaro huko juu mlimani haichorwi kitu.

Je, hiyo ndiyo sheria? Sivyo. Hiyo ni hasira ya siku tatu.

Hatusemi kwamba sheria ya ujenzi ni mbaya. Maji hayana huruma. Kinshasa, usiku wa 12 kuamkia 13 Desemba 2022, mvua iliua watu zaidi ya 120, na huko Mont-Ngafula barabara kubwa iendayo Matadi ilikatika. Bukavu nayo ni mji wa miteremko. Kule Kadutu nyumba zimepandana kama ngazi, na maji machafu ya mwenye kukaa juu huingia mlangoni mwa mwenye kukaa chini. Anayekataza watu kujenga korongoni anaokoa maisha yao.

Lakini tuulize swali moja: kiwanja kile kilitoka wapi? Sheria ya 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali, na raia hupata haki ya kuitumia kwa hati. Basi, mwenye hati ya korongoni hakuiokota njiani. Alikwenda afisini, akalipa, mpimaji akaja na kamba yake, mkubwa akatia muhuri. Wala utaratibu wa kujenga mijini si jambo geni: dekreti yake ilitolewa tangu 20 Juni 1957. Aliyetia muhuri alijua. Aliyenunua pengine hakujua. Mbona nyundo inamwangukia mmoja tu?

Wengine watajibu: «Maskini ni wakaidi, ukiwaondoa hurudi.» Ndiyo, hurudi. Ukimwondoa mtu pahali pabaya pasipo kumwonyesha pahali pema, atalala wapi na watoto wake? Katiba ya 2006 yenyewe imesema kwamba mtu hanyang'anywi mali yake kwa faida ya wote asipolipwa kwanza malipo ya haki. Mwenye hati ya Serikali asifukuzwe kama mwizi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, makorongo yawekewe alama kabla ya kujengwa, si baada ya mazishi. Pili, ukaguzi uanzie juu mlimani, kwa matajiri walioziba mitaro, ndipo ushuke kwa wadogo. Tatu, aliyeuza pahali palipokatazwa arudishe feza, na jina lake lisomwe mbele ya watu.

Nasi tusijisafishe bure. Ni nani anayemwaga takataka mtaroni usiku? Ni nani anayechimba udongo chini ya ukuta wa jirani apate nafasi ya jiko? Ni nani aliyempa mpimaji «sukari kidogo» ili afumbe macho? Mvua hurudi kila mwaka, mwezi wa tisa, wala haisomi hati ya mtu. Anayeiona hatari na kunyamaza, naye pia ametia muhuri wake.