Picha za setelaiti zifike ofisi za vijiji Kilosa

Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa. Nyumba zilibomoka, mashamba yakafunikwa na maji, reli ya kati ikaharibika kuelekea Gulwe na treni zikasimama. Tunauliza: kijiji kinapogawa mashamba bondeni, nani anatazama kwanza mto ulikopita zamani?

Kumbukumbu ipo. Setelaiti za Landsat za Marekani zinapiga picha za ardhi tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Zile za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza 2015, nazo ni bure, na eka moja huonekana kwa nukta 40 hivi. Ukiweka picha ya zamani kando ya mpya unaweza kuona mto ulivyohama, mlima uliokatwa miti, na mashamba yalivyosogelea mpaka wa Hifadhi ya Mikumi, ambako mwenye mahindi ndiye anayekesha na tembo.

Kweli, wakati wa masika mawingu huziba, hivyo picha nzuri ni za kiangazi. Wala picha haisemi shamba ni la nani. Hilo ni la mkutano wa kijiji na wazee wanaojua mipaka.

Halmashauri ina maofisa ardhi na kilimo. Wachapishe picha za kila kijiji kilicho kando ya Mkondoa, za zamani na za sasa, wazibandike ofisi ya kijiji zikiwa na maelezo ya Kiswahili. Gharama ni karatasi, wino na mafuta ya pikipiki. Mfanyabiashara anayetaka kujenga ghala naye apite kuzitazama kabla ya kununua tofali.