Muuzie mteja maji kwanza, samaki baadaye

Tangi dogo la samaki wa baharini ni biashara inayovutia. Hoteli ya Kampala inalitaka kupamba mapokezi, kliniki ya meno ya Kigali inalitaka kutuliza watoto, na baba mwenye nyumba Nairobi analitaka sebuleni. Bahari iko mbali nao, lakini barabara zipo, maboksi yapo na wafanyabiashara wa kuvusha mzigo wapo. Soko halina tatizo. Tatizo ni namna tunavyouza.

Mteja mgeni huuziwa kila kitu siku moja: tangi, taa, mfuko wa chumvi, mawe, na samaki watano wa rangi tofauti. Jioni taa inawashwa, majirani wanakuja kutazama, picha zinapigwa. Baada ya siku tano samaki wa kwanza anaelea. Wiki ya pili inakwisha na tangi limebaki na maji na mawe. Mteja anamlaumu muuzaji kwamba alimpa samaki wagonjwa. Hanunui tena, na hawezi kunyamaza akiulizwa na rafiki yake kama biashara hiyo inafaa.

Maoni yangu ni haya: anayeuza tangi na samaki siku moja anauza hasara. Anamtia hasara mteja, anajitia hasara mwenyewe, na anapoteza jasho la mvuvi wa Pwani aliyepiga mbizi kumkamata samaki yule kwa wavu mdogo. Tuuze maji kwanza. Samaki wasubiri wiki sita.

Kinachowaua hakionekani

Samaki hutoa taka ndani ya maji yale yale anayovuta hewa. Taka hizo na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Baharini maji ni mengi na bakteria wamejaa katika kila tundu la mwamba, kwa hiyo amonia haijikusanyi. Katika tangi jipya bakteria hao hawapo bado. Maji yanaweza kuwa meupe kama ya chupa, na bado yakaua.

Bakteria wa kundi la kwanza hubadili amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hubadili nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi, na ambayo tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Makundi haya mawili huchukua kama wiki nne hadi sita kukua na kutosha. Tangi likiwa tupu, mteja anatia punje chache za chakula cha samaki ili kianze kuoza na kuwalisha bakteria. Kisha anapima. Siku atakapoona amonia sifuri, nitriti sifuri, na nitrati imeonekana, tangi liko tayari. Kabla ya hapo, kila samaki anayetiwa humo anatiwa katika sumu.

Hakuna siri katika jambo hili, na halihitaji mashine ya gharama. Linahitaji vipimo vitatu vya matone na subira. Muuzaji asiyeuza vipimo hivyo pamoja na tangi ni kama fundi anayeuza pikipiki bila breki.

Maji ya bahari hayapatikani kwa chumvi ya jikoni

Wapo wanaodhani kilo chache za chumvi ya kupikia zinatosha. Hazitoshi. Chumvi ya jikoni karibu yote ni kloridi ya sodiamu, ilhali maji ya bahari yana pia magnesi, kalsiamu na madini mengine ambayo matumbawe na konokono hujengea miili yao. Inatakiwa chumvi maalumu ya matangi ya baharini, takriban gramu 35 hadi 38 kwa kila lita. Tangi la lita 100 linameza karibu kilo tatu na nusu hadi nne mwanzoni. Kipimo sahihi ni sehemu 35 za chumvi kwa kila sehemu 1,000 za maji, na kifaa cha kupimia ni lazima, kwa kuwa ulimi hauwezi.

Maji ya bomba yana klorini, na mara nyingine fosfeti na nitrati zinazolisha mwani. Yakiwa yamepita katika mabomba ya shaba ni hatari zaidi, maana shaba kidogo tu huua kamba, kaa na matumbawe. Maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, kama yale yanayouzwa kwa madumu mijini, ndiyo salama.

Kuna kosa moja linalowakuta karibu wanaoanza wote. Maji yakipungua kwa kukauka, wanajaziliza maji ya chumvi. Chumvi haikauki pamoja na maji, inabaki. Ukijaziliza maji ya chumvi kila siku, baada ya mwezi tangi limekuwa brine. Kinachojazilizwa ni maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi yanatumika tu pale unapotoa maji ya zamani na kuweka mapya.

Halafu kuna joto. Wanyama hawa wanataka nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, na hapa ukanda wetu unatofautiana. Mteja wa Nairobi au Kigali, kwenye nyanda za juu, anahitaji hita. Mteja wa Mombasa au Dar es Salaam anahitaji feni juu ya maji, kwa sababu taa na pampu zinaongeza joto juu ya joto la mji. Muuzaji anayebeba vifaa vile vile kwa miji yote hajawajua wateja wake. Na popote umeme unapokatika mara kwa mara, pampu ndogo ya hewa ya betri si anasa. Samaki katika tangi lililosimama huanza kukosa hewa ndani ya saa chache.

Tangi dogo, lakini si dogo mno

Mteja mgeni huomba tangi dogo kabisa akidhani ni rahisi. Ni kinyume chake. Katika lita 20, samaki mmoja akifa usiku, asubuhi maji yote yameharibika. Katika lita 80 au 100 kosa linapata nafasi ya kurekebishwa. Mwambie pia kwamba lita 100 za maji ni kilo 100, bado vioo na mawe, hivyo meza ya kawaida ya televisheni haifai.

Kwa tangi la ukubwa huo, kilo 10 hadi 12 za mwamba wenye matundu zinatosha. Usimuuzie mwamba uliobanduliwa baharini. Florida, Marekani, wanauza mwamba wa chokaa wa matumbawe ya kale uliochimbwa nchi kavu, na matangi mengi yanaanza nao. Pwani yetu imejaa mwamba wa jamii hiyo. Ndio uliojenga nyumba za Lamu na Mombasa. Ukichagua vipande vyenye matundu, ukavisugua, ukaviloweka na kupima fosfeti, una bidhaa isiyokufa njiani na isiyobomoa makazi ya samaki.

Samaki wa kwanza wawe wawili tu. Yule wa rangi ya machungwa mwenye mistari mieupe, ambaye kila mtoto anamwita Nemo tangu filamu ya 2003, anafaa sana, na anazalishwa katika matangi kwa wingi. Ni mgumu, anakula chakula cha punje, na habadiliki kuwa jitu. Pamoja na wawili hao waweke konokono kadhaa na kaa wadogo wanaoishi katika makombe, ambao kazi yao ni kula mwani na mabaki.

Na wapo ambao muuzaji mwenye heshima anapaswa kukataa kuwauza kwa mgeni, hata pesa ikiwa mezani. Samaki wa buluu aitwaye Dory hukua hadi karibu sentimita 30. Lita 100 kwake ni gereza. Anemoni inataka taa kali na tangi lililokomaa kwa miezi mingi. Kuna pia yule samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, anayewasafisha samaki wengine wadudu wa ngozini. Ni rahisi kumkamata, ila katika tangi mara nyingi hufa kwa njaa, na kule mwambani alikotolewa samaki wengine wamebaki bila mganga wao.

Njiani na mpakani

Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Samaki husafiri katika mfuko wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, ndani ya boksi linalozuia joto, na hawalishwi siku moja au mbili kabla ya safari ili wasichafue maji. Mfuko ukifika, uelee katika tangi ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Ukishaufungua usichelewe. Hewa chafu iliyokuwa imefungiwa inatoka, maji yanabadilika, na amonia iliyojikusanya njiani inageuka kuwa sumu kali zaidi. Mtoe samaki kwa wavu, na maji ya mfuko yamwagwe nje, yasiingie tangini.

Kuhusu karatasi, tusidanganyane. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, kinahusu ushuru. Hakiondoi kibali cha uvuvi wala cheti cha afya ya wanyama. Matumbawe magumu yanayojenga miamba yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, na vivyo hivyo farasi wa baharini na kombe kubwa za Tridacna. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama wa mkataba huo. Kipande cha ukubwa wa ngumi bila kibali kinatosha kukunyima mzigo wote pale Busia au Namanga, na boksi la samaki hai haliwezi kungoja wiki ya maelezo.

Jina letu, biashara yao

Katika maduka ya Ulaya na Marekani kuna tumbawe laini linaloitwa mti wa Kenya. Ni la wanaoanza: halihitaji taa kali, na ukikata tawi ukalifunga juu ya jiwe, linakuwa tumbawe jingine. Wafugaji wa huko wamelikata na kulikuza miaka mingi, wakauziana vipande bila kurudi baharini. Jina ni letu, faida ni yao. Kwa nini mfanyabiashara wa Mtwapa au Tanga asiwe na matangi yake ya kukuza matawi, kwa kibali, akawauzia wateja wa Kigali na Kampala? Miamba yetu ilipigwa vibaya na joto la 1998 na tangu hapo imepata mapigo mengine. Biashara inayokata tawi na kuliotesha itadumu kuliko inayobandua shina. Angalizo moja tu: baadhi ya matumbawe laini aina ya zoanthidi yana sumu kali sana. Anayeyashika avae glavu na miwani, na kamwe asichemshe jiwe lenye matumbawe hayo.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mteja ana pesa leo na anataka samaki leo; usipomuuzia wewe, jirani yako atamuuzia. Ni kweli. Lakini tupige hesabu. Anayebadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki katika tangi la lita 100 anatumia kama kilo moja na nusu ya chumvi kwa mwezi, kilo 18 kwa mwaka. Wateja 20 wenye matangi yaliyo hai ni kilo 360 za chumvi, mbali na chakula, vipimo na taa. Chumvi haifi kwenye foleni ya mpaka. Jirani yako atauza samaki watano mara moja. Wewe utauza tangi, mwamba, chumvi na vipimo mara ya kwanza. Samaki wawili na konokono baada ya wiki sita. Tumbawe laini baada ya mwezi mwingine. Na chumvi kila mwezi kwa miaka.

Kwa hiyo wafanyabiashara wa njia hii wakubaliane jambo moja dogo: asiyekuja na kipimo kinachoonyesha amonia sifuri na nitriti sifuri, asiuziwe samaki. Apewe chumvi, apewe maelekezo kwa lugha anayoielewa, na aambiwe tarehe ya kurudi. Atakayekasirika na kwenda kwa jirani mwacheni aende. Samaki wa jirani wakishakufa, atarudi kununua chumvi kwenu.