Watu wa Sekei Nao Wafike Ngome Kongwe

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Februari, Mji Mkongwe wa Unguja hupokea wageni kutoka pembe nyingi za dunia. Huja kusikiliza ngoma, magita na qanuni katika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo sasa linahesabiwa miongoni mwa matamasha mashuhuri ya muziki katika Afrika. Wageni hao huvuka bahari kubwa na mabara mazima ili kufika Ngome Kongwe. Lakini mwananchi wa Sekei, aliye katika nchi hiyo hiyo, chini ya Mlima Meru, huisikia sifa ya tamasha hilo redioni tu. Kwake yeye Unguja ni ng'ambo, na ng'ambo ni mbali.

Jambo hili linatuuma zaidi tukifikiri kazi wanayoifanya vijana wengi wa Arusha. Ni madereva, wapishi na waongozaji wa watalii. Kijana huzunguka na mgeni siku tano Serengeti na Ngorongoro, humlisha, humsimulia habari za nchi, kisha humpeleka hadi uwanja wa ndege wa Kisongo. Mgeni hupanda ndege ndogo, na kabla jua halijageuka yuko Unguja ananusa karafuu. Kijana hugeuza gari kurudi Sekei. Amewapeleka mamia ya watu kwenye ndege ya Zanzibar, naye mwenyewe hajawahi kuiona Forodhani. Tunadhani si sawa mwenye nyumba kuwafungulia wageni milango ya vyumba ambavyo yeye mwenyewe hajaingia.

Tujiulize basi, ni nini kinachomzuia? Wengi hudhani ni kiingilio. Sivyo. Waandaaji wa tamasha, tangu zamani, wamewawekea Watanzania bei iliyo chini sana kuliko ile wanayotozwa wageni wa nje, na kwa hilo wanastahili shukrani. Nauli ya boti nayo ni nafuu kwa raia kuliko kwa mgeni. Kinachomzuia mtu wa Sekei si mlango wa Ngome. Ni njia ya kufika mlangoni, na kitanda cha kulala baada ya muziki kunyamaza.

Hebu tuifuate safari yake. Huondoka Arusha alfajiri kwa basi. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, mwendo wa saa kumi hadi kumi na mbili, kama njia ni njema. Hufika kituo kikuu cha Mbezi jioni, naye amechoka. Bandari iko zaidi ya kilomita 20 mbele yake, na boti za kasi za mwisho zimeng'oa nanga tangu alasiri. Hapana budi alale Dar es Salaam, na gharama ya usiku huo hakuipanga. Asubuhi anavuka kwa saa mbili hivi, anashuka Malindi, na hapo anakuta kwamba vyumba vya Mji Mkongwe katika siku za tamasha vimekwisha kukodiwa, na vilivyobaki bei yake imepangwa kwa mfuko wa Mzungu. Mtu mmoja, peke yake, hawezi kupigana na mambo yote haya. Watu thelathini pamoja wanaweza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa. Kwamba mtu mwenye ada ya mtoto na kodi ya nyumba hana haja ya kuvuka bahari kwa ajili ya nyimbo. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini hatukubaliani nayo. Taifa hili lilianzisha Wizara ya Utamaduni mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, wakati hospitali na shule zilikuwa haba. Viongozi wa wakati ule hawakuwa wajinga wa mahesabu. Walijua kwamba watu wasiozijua ngoma za wenzao ni majirani tu, hawajawa taifa.

Tena, kusafiri kwa kuchangiana si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo zao, na sauti ya mwanamke wa Fumba ikarudi ndani ya santuri, ikasikika pwani yote. Na huku Meru, Wameru wapatao 3,000 walipoondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngarenanyuki mwaka 1951, wananchi walichanga fedha zao, na mwaka 1952 mjumbe wao Kirilo Japhet akafika New York kuueleza Umoja wa Mataifa madai yao. Hakurudi na ardhi mkononi, lakini dunia ilikwisha kusikia. Safari ile ilikuwa ya dhiki na hii ni ya furaha, nasi hatuzilinganishi kwa uzito. Tunalosema ni kwamba, kama wazee wa mlima ule waliweza kumfikisha mtu wao Marekani kwa michango ya wakulima, wajukuu wao hawawezi kushindwa kufika Unguja.

Njia yenyewe ni ile wanayoijua mama zetu katika vikoba na upatu. Tuseme wapatikane watu thelathini wa Sekei, wanaofahamiana, na kila mmoja aweke shilingi 5,000 kwa wiki. Wakianza katikati ya Aprili, kwa wiki arobaini kila mmoja atakuwa na shilingi 200,000 kabla Januari haijakwisha, na kikundi kizima kitakuwa na shilingi 6,000,000. Huenda fedha hizo zisitoshe kila kitu, lakini mwenye milioni sita mkononi hazungumzi na mwenye basi kama abiria aliyesimama kituoni. Anazungumza kama mteja. Nauli zinazotangazwa na mamlaka ya usafiri ni kikomo cha juu. Hakuna sheria inayomkataza mwenye basi kumpunguzia mtu anayejaza zaidi ya nusu ya viti vyake.

Lakini fedha ya umoja bila utaratibu huwa chanzo cha ugomvi. Kikundi kiwe na mweka hazina na mtu wa pili wa kumkagua, na fedha zikae benki au katika chama cha akiba na mikopo, si mfukoni mwa mtu. Kila anayelipa apewe stakabadhi. Iandikwe tangu siku ya kwanza, mtu akifiwa au akiugua na asiweze kusafiri, atarudishiwa kiasi gani na lini. Safari nyingi za pamoja zimevunjika, si kwa kukosa fedha, bali kwa sababu swali hilo liliulizwa wiki ya mwisho.

Lipo na suala la kalenda. Mwezi mtukufu wa Ramadhani hutangulia siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na katika miaka hii umeufikia mwezi wa Februari. Mwaka 2026 uliangukia katikati ya mwezi huo, na kwa hesabu za kalenda, mwaka 2027 utaanza katika wiki yake ya pili. Kwa hiyo tarehe za tamasha haziwezi kukaa mahali pamoja. Kikundi kisikodi basi kwa mazoea. Kingoje tangazo la waandaaji. Na waandaaji nao tunawaomba wajue kwamba tangazo la mapema ni akiba kwa mnyonge. Mtu mwenye fedha huweza kuamua safari wiki moja kabla. Mtu wa Sekei anahitaji miezi tisa.

Kuhusu njia, tangu mwaka 2023 Serikali imeruhusu tena mabasi kusafiri usiku. Kikundi kinaweza kuondoka Arusha jioni, kikafika Dar es Salaam asubuhi, kikavuka siku hiyo hiyo bila kulipia malazi ya njiani. Hata hivyo tunaonya kwamba unafuu huo usinunuliwe kwa roho za watu. Basi la usiku liwe na madereva wawili, na kikundi kiwe na haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo.

Baharini tahadhari hiyo ni kubwa zaidi, na hapa ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kufundishwa na mtu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Tarehe 18 Julai, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya watu walipotea, na misiba ile bado haijatoka katika nyumba za Unguja na Pemba. Kwa hiyo tunaposema usafiri wa bei nafuu, hatusemi usafiri wa kubanana. Bei ishushwe kwa kupanga mapema na kwa wingi wa wasafiri, isishushwe kwa kuongeza vichwa juu ya sitaha. Kikundi kikate tiketi zake zote mapema, kila jina liwemo katika orodha ya abiria, na chombo kikionekana kimejaa, watu wangoje kinachofuata. Kuchelewa wimbo wa kwanza si msiba.

Sasa tunawageukia wakubwa wa Serikali zote mbili. Hatuombi ruzuku wala gari la Serikali. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, mamlaka za usafiri wa baharini za pande zote mbili zikae na wenye boti, ipatikane nauli ya vikundi vya raia katika wiki ya tamasha, kwa kikundi cha watu ishirini au zaidi kilicholipa mapema. Pili, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ifikirie kuyafungua mabweni ya shule na vyuo, pale yanapokuwa hayatumiki, yawe malazi ya vikundi kwa malipo madogo yatakayobaki shuleni. Tatu, ofisi ya utamaduni katika Jiji la Arusha iwe na mtu ambaye kikundi chochote kinaweza kumwendea, akakipa tarehe, bei na utaratibu. Mambo haya matatu hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji barua chache, na mtu wa kuzijibu.

Kwenu ndugu zetu wa Unguja na Pemba, tuna neno la kindugu. Wazee wenu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Sekei hana dola. Hatakodi chumba kinachotazama bahari. Lakini atakula urojo Darajani, atanunua kanga ya mama yake na karafuu za jirani, atalipa nyumba ya wageni ya Ng'ambo au Michenzani, na fedha hiyo haitapita katika benki ya nje kabla ya kumfikia mwenye duka. Tena mgeni huyu ana faida nyingine. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha za wafadhili, na mwaka 2020, dunia ilipofunga mipaka kwa sababu ya Korona, watalii walikatika. Anayetegemea mgeni wa mbali peke yake hulala njaa siku mgeni huyo akibaki kwao. Tamasha lenye vikundi kutoka Arusha, Mwanza, Mbeya na Kigoma litakuwa na mizizi katika ardhi yake lenyewe.

Na watu wa Sekei nao wajue kwamba heshima ni sehemu ya nauli. Mji Mkongwe si uwanja wa sherehe tu. Ni makazi ya watu, yana misikiti, yana wazee wanaolala mapema. Mavazi yawe ya stara, sauti zipungue usiku katika vichochoro, na ulevi usipelekwe katika baraza ya mtu. Aendaye kusikiliza muziki wa watu na asiwasikilize wenyewe, amesafiri bure.

Wala mto huu usitiririke upande mmoja. Arusha ina jambo la kuwaonyesha wenzetu. Wapo wengi Visiwani ambao hawajauona mlima wenye baridi wala tembo akivuka barabara, ingawa raia hulipa kiingilio kidogo, kwa shilingi, katika hifadhi za Taifa. Hapa ndipo palipozaliwa Azimio la mwaka 1967, na hapa ndipo ndugu Kinyonga waliposimamisha Arusha Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kuvuka mpaka wa Kenya na kuwa Simba Wanyika. Kikundi cha Sekei kikirudi kutoka Unguja, kianze siku hiyo hiyo kufikiri namna ya kuwapokea wenyeji wao, pamoja na kundi la taarab, chini ya Meru.

Bi Kidude, aliyeimba mara nyingi katika tamasha hilo na aliyefariki Aprili 2013, alijulikana London na Paris. Je, ni vijana wangapi wa Sekei waliopata kumwona akipiga ngoma yake, kilomita mia chache kutoka kwao? Nafasi ile imekwisha kutupita. Waimbaji wengine wapo, wazee na vijana, nao hawatakuwapo milele. Tunawaomba watu wa Sekei waanze kuweka akiba yao Aprili ijayo, na tunawaomba wakubwa wawe wamekwisha kuandika zile barua kabla ya hapo.