Fundi asifunge injini kabla ya kupima

Najua kazi yangu ni mahindi, lakini mahindi hayaendi sokoni kwa miguu. Msimu wa kusomba mazao ukikaribia, pikapu nyingi hufanyiwa ovahoo kwa spea zisizo za kampuni iliyotengeneza gari. Siwakatazi. Nyingine ni nzuri, na bei mnaijua. Ninachopinga ni kuzitoa kwenye boksi na kuzifunga hapohapo kwa sababu boksi limeandikwa saizi ileile.

Chukua ringi za pistoni. Kila moja iingizwe peke yake ndani ya silinda yake, isukumwe kwa pistoni ili ikae sawa, kisha mwanya kati ya ncha zake upimwe kwa fila geji. Fuata kipimo cha aliyetengeneza pistoni. Kama hakipo, kwa ringi ya juu ya injini ya kawaida ya petroli mafundi wengi hutumia milimita 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo: silinda ya milimita 86 inataka kama 0.34. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi hutanuka kwa joto, ncha zinagongana, silinda inakwaruzwa au ringi inakatika. Dawa yake ni tupa, taratibu.

Beringi za konrodi nazo zipimwe. Fundi akisema anaona kwa jicho, mwulize ni jicho gani linaloona sehemu ya mia ya milimita. Injini ikinoki njiani na magunia yako, hasara si yake.

Vipimo vyote aviandike daftarini. Malipo ya mwisho yasubiri daftari hilo.