Maarifa ya Mashine: Dampa ya Injini ya Trekta

Wako wenye matrekta wengi wajuao kubadilisha oili na kukaza mkanda wa feni, lakini wakiulizwa habari za dampa hudhani kuwa ni puli tu. Kweli yafanana na puli, na mara nyingi mkanda hupita juu yake. Lakini kazi yake ni nyingine kabisa, nayo ikichakaa yaweza kuvunja krankishafti katikati ya msimu wa kulima, mvua za masika zikiwa karibu.

Sababu ni hii. Krankishafti, kile chuma kirefu kigeuzacho mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka uwe mwendo wa kuzunguka, huonekana kigumu kisichopindika. Sivyo. Kila mara dizeli iwakapo katika silinda, pistoni hukisukuma kwa nguvu, nacho husokoteka kidogo sana kisha hujirudisha. Injini ya silinda 6 izungukapo mara 2,000 kwa dakika hupata misukumo 6,000 katika dakika hiyo. Misukumo ikiafikiana na mwendo wa chuma wa kujirudisha, msokoto huzidi, kama mtoto aliye katika pembea asukumwapo kwa wakati wake. Dereva aweza asisikie lo lote, hata siku chuma kikatikapo.

Dampa huzuia jambo hilo. Ndani yake mna kitovu kilichofungwa mbele ya krankishafti, nje kuna pete nzito ya chuma, na kati yao umebanwa utepe wa mpira. Msokoto humalizikia katika mpira na kuwa joto. Trekta ndogo ya silinda 3, kama Massey Ferguson 135, haina haja nayo, kwa kuwa krankishafti yake ni fupi. John Deere 4020, iliyotengenezwa Marekani tangu 1963 hadi 1972, ina silinda 6, nayo inayo.

Mpira huharibiwa na joto, na miaka, na zaidi ya yote oili ivujayo kutoka katika sili ya mbele. Injini ikiisha kuzimwa na kupoa, fundi huishika pete kwa mikono miwili na kujaribu kuizungusha huku na huku. Ikicheza juu ya kitovu, dampa imekwisha. Njia nyingine ni kuchora mstari wa chokaa kutoka kitovu hadi pete, kisha trekta ifanye kazi. Mstari ukionekana umekatika na kuachana, mpira umeteleza. Dampa ya namna hii haitengenezwi, hununuliwa mpya.

Katika kuiondoa ndipo wengi hukosea. Betri hutenguliwa, mikanda hutolewa, na katika matrekta mengine rejeta pia, maana nafasi ya mbele ni finyu. Kisha bolti ya katikati hufunguliwa, na dampa huvutwa kwa pula iliyoshika kitovu. Pula ikishika pete ya nje, mpira huraruka. Sili ya oili yafaa ibadilishwe papo hapo, ama sivyo dampa mpya itaoga oili ile ile iliyoiua ya kwanza.

Dampa mpya huingizwa polepole kwa bolti na chombo chake, kamwe si kwa nyundo. Pigo la nyundo huumiza mpira, tena hupita mpaka beringi zishikazo krankishafti isiende mbele na nyuma. Bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha injini hiyo, si kwa kukisia.

Mwisho mstari wa chokaa huchorwa upya, na baada ya kazi ya siku chache hutazamwa tena. Dampa kuukuu huenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, isije ikarudi siku moja katika trekta ya jirani.